Fomu ya Saa za Usimamizi

Wizara imetuletea Wete fomu ya kurasa nne
na binti mmoja, Zuleikha Faki,
cheti chake kimelazwa ndani ya plastiki
kama kitu kinachoogopa mvua.
Sheria mpya: hakuna kuingia nyumba ya mtu
bila namba ya usajili.
Na mwaka wa kwanza asiachwe peke yake,
saa mbili kila wiki akae na mzoefu.
Mzoefu, wameandika, ni mimi.

Mimi niliyeajiriwa msimu wa karafuu
kwa kuwa hati yangu ya mkono ilikuwa nzuri.
Siku ya kwanza nilipewa baiskeli, daftari la kaunta,
ufunguo wa kabati lisilofungika,
na maneno mawili: "Nenda Kiuyu."
Nikenda.

Chuo changu kilikuwa milango.
Mlango unaofunguliwa upesi mno.
Mlango unaoitikia hodi kwa sauti ya mtoto
ilhali makubadhi ya mtu mzima yapo kizingitini.
Nani alinambia maana yake?
Nilijifunza kama ajifunzavyo mtu kina cha kisima
kwa kuiangusha humo ndoo ya jirani.

Kulikuwa na kijana, Mbarouk, miaka tisa.
Bega lilitoka, walisema, alipoanguka mkarafuuni.
Nilitazama bega.
Sikutazama juu.
Mti ule msimu ule haukuzaa hata kikonyo:
alipanda kuchuma nini?
Nikaandika, kwa ile hati yangu nzuri,
*Amerejeshwa kwa mjomba wake. Faili limefungwa.*

Faili lilifungwa. Mimi sikufungika.

Sasa nami natakiwa nisajiliwe,
na miaka yangu hamsini na sita na miwani ya kusomea,
nikafanye mtihani Chake
ukumbi mmoja na vijana niliowaandikia barua za kuingia skuli.
Kombo Massoud wa Micheweni, anayestaafu Juni, kasema:
"Serikali imekumbuka chumvi, mchuzi ushaliwa."
Tukacheka, mimi kuliko wote.
Usiku nikafungua kitabu walichotugawia,
sura ya tatu, *Kuzungumza na mtoto akiwa peke yake*.
Kurasa sita.
Kumbe zilikuwepo kurasa sita.
Nikazisoma nimesimama jikoni, wali unaungua.

Leo Jumatano.
Zuleikha karudi Minungwini na udongo mwekundu kwenye pindo,
chai kaiacha ikaganda utandu.
Anafungua kalamu, anaifunga.
"Mama mtu alikuwa akicheka, Bi Mwanakheri.
Kila nikimtazama mtoto, yeye anacheka."
Halafu kimya.

Jibu lilikuwa tayari ulimini,
jibu la afisi hii kwa miaka thelathini:
*Utazoea.*
Nimelimeza. Ndilo nililopewa mimi,
na kweli, nilizoea.

Nikamuuliza: "Mama alipocheka,
mtoto alimtazama nani?"

Kalamu ikasita.
Umeme nao ukakatika, kama kawaida yake,
feni ikajizungusha kwa deni la mwisho, ikasimama.
Tukasikia mashine ya kushona ya duka la chini,
na mtu akilumbana juu ya bei ya pishi ya mchele.
"Aliutazama mkono wake," akasema.
"Mkono wa mama."
Akalia kidogo, akaona haya, akajifuta kwa ncha ya mtandio.
Sikumwambia anyamaze.
Kesho tunakwenda sote wawili,
nami nitabaki uani na mama mtu, nicheke naye,
hadi Zuleikha amalize kurasa zake sita.

Fomu inauliza: *Ushauri uliotolewa?*
Kisanduku chenyewe kidole gumba kinakiziba.
Nimeandika: *Tumekaa.*
Saa za usimamizi: *mbili na robo.*
Nikatia saini,
kisha pembeni, pale walipopiga chapa
*Usiandike sehemu hii*,
kwa hati ambayo siku hizi inatetemeka:

*Mbarouk. Mti haukuzaa.*